Nani Angefungwa? Kisa cha Sheria ya Staha ya Mawasiliano, Marekani 1995–1997

Tarehe 14 Juni 1995 Seneta James Exon wa Nebraska aliingia katika ukumbi wa Seneti mjini Washington na faili la buluu. Ndani mlikuwa na picha za ngono zilizotolewa kwenye mitandao ya kompyuta na kuchapishwa kwenye karatasi. Aliwafungulia wenzake walitazame kabla ya kupiga kura. Siku hiyohiyo Seneti ilipitisha pendekezo lake kwa kura 84 dhidi ya 16, na hapo ndipo ilipoanza safari ya Sheria ya Staha ya Mawasiliano, jaribio la kwanza kubwa la Marekani la kuweka mipaka ya yale yanayoweza kuonyeshwa kwenye intaneti.

Safari yenyewe ilikuwa fupi. Sheria ilitiwa saini Februari 1996, wiki moja baadaye jaji akaanza kuizuia, na Juni 1997 Mahakama ya Juu ikavifuta vifungu vyake vikuu. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa wapenda uhuru dhidi ya wahafidhina wasioijua kompyuta. Masimulizi hayo hayanitoshi. Exon alikuwa Mdemokrati, Rais Bill Clinton aliyetia saini alikuwa Mdemokrati, na kura 84 haziwezi kutoka upande mmoja wa siasa. Tena wazazi walioogopa hawakuwa wajinga. Kompyuta ilikuwa imeingia sebuleni, mtoto ndiye aliyejua kuiendesha, na mzazi hakuwa na namna ya kujua kilichokuwa kinaingia kupitia waya wa simu. Woga huo nauheshimu.

Swali linalonishughulisha ni jingine. Kama sheria ile ingefanya kazi jinsi ilivyoandikwa, ingemgusa nani kwanza? Nikifuata ushahidi uliotolewa mahakamani, muuza picha za ngono angepata njia ya kupita. Ambaye angebanwa ni mtu aliyekuwa anawaeleza vijana jinsi ya kujikinga na UKIMWI.

Kilichoandikwa na kilichoachwa

Kwanza tuondoe dhana kwamba kabla ya Exon mtandao haukuwa na sheria. Tangu hukumu ya Miller dhidi ya California ya 1973, uchafu uliokithiri wa ngono, kwa kipimo kilichowekwa na mahakama, haukuwa na kinga ya Katiba hata kidogo, na haukupata kinga kwa sababu umepitia kwenye kompyuta. Picha za ngono za watoto zilikuwa jinai nzito. Mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama mjini Memphis, Tennessee, liliwatia hatiani mume na mke waliokuwa wanaendesha kutoka California huduma ya kulipia ya picha za ngono kwa njia ya simu na kompyuta. Mkaguzi wa posta alijiandikisha akiwa Tennessee, akapakua picha, na wenye huduma wakahukumiwa kwa viwango vya maadili vya Memphis. Mkono wa dola ulikuwa unafika.

Exon aliongeza makosa mawili mapya. La kwanza lilikuwa kumpelekea mtu wa chini ya miaka 18 ujumbe "usio na staha". La pili lilikuwa kuonyesha mahali ambapo mtoto anaweza kufika jambo lolote linaloeleza au kuonyesha viungo au matendo ya ngono au ya haja kwa namna "inayochukiza waziwazi" kwa viwango vya jamii. Adhabu ilifika kifungo cha miaka miwili jela, pamoja na faini.

Tulinganishe na sheria ya jimbo la New York ambayo Mahakama ya Juu iliikubali kuwa halali mwaka 1968 katika kesi ya Ginsberg. Ile ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 17 magazeti ya picha za utupu. Ilihusu biashara tu. Iliacha nje kazi zenye manufaa kwa vijana. Na mzazi aliyeona gazeti fulani linafaa kwa mwanawe hakuzuiwa kumnunulia. Katika sheria ya Exon vizuizi vyote hivyo havikuwepo. Biashara na isiyo biashara zilikuwa sawa. Daktari, mwalimu, mtunzi wa riwaya na mwenye danguro la picha walisimama mstari mmoja. Ridhaa ya mzazi haikuhesabika.

Kulikuwa na utetezi mmoja wa maana. Aliyeshtakiwa angeweza kusalimika akionyesha kwamba alidai kadi ya mkopo, au namba maalumu ya mtu mzima, kabla ya kumruhusu mgeni kuingia. Msomaji akishike kifungu hiki cha kadi, kwa maana humo ndimo kisa chote kilimojificha.

Asilimia 83.5

Wiki chache baada ya kura ya Seneti, gazeti la Time lilitoka na toleo la tarehe 3 Julai 1995 likiwa na uso wa mtoto kwenye jalada, macho yamemtoka mbele ya kibodi. Habari yenyewe ilitegemea utafiti uliochapishwa katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Georgetown. Mtafiti alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Carnegie Mellon, ambaye jina lake sioni faida ya kulirudia, kwa kuwa waliompa nguvu walikuwa watu wazima wenye vyeo. Utafiti ulidai kuchunguza picha, maelezo na hadithi 917,410, na ukatoa tarakimu iliyosafiri kuliko zote: asilimia 83.5 ya picha kwenye makundi yanayohifadhi picha ya Usenet, mfumo wa mtandaoni wa makundi ya majadiliano, zilikuwa za ngono.

Seneta Charles Grassley aliipeleka tarakimu hiyo bungeni. Katika midomo ya watu masharti yake yakadondoka njiani, ikawa kama vile sehemu kubwa ya intaneti nzima ni ngono.

Donna Hoffman na Thomas Novak wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waliisoma kazi ile ukurasa kwa ukurasa. Waliyoyakuta yalikuwa mazito. Sehemu kubwa kabisa ya zile faili 917,410 haikutoka kwenye intaneti. Ilitoka kwenye huduma binafsi za watu wazima, zile za kupiga simu kwa modemu na kulipa kwa kadi, ambako mtoto asingeingia kwa bahati mbaya. Ile asilimia 83.5 ilihusu kona ndogo ya Usenet peke yake. Kwa takwimu za utafiti wenyewe, Usenet ilikuwa kama asilimia 11.5 ya mawasiliano yote yaliyopita kwenye intaneti, na ni asilimia 3 tu ya ujumbe wa Usenet uliohusiana na makundi yenye picha za ngono. Ukizidisha, unapata chini ya nusu ya asilimia moja. Na katika wavuti, kati ya tovuti 11,576 zilizoangaliwa, 9 ndizo zilizokuwa na picha za aina hiyo.

Mike Godwin, mwanasheria wa Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea uhuru mtandaoni, alikuwa miongoni mwa walioupinga utafiti huo hadharani mapema. Jarida la Georgetown, kama majarida mengi ya sheria ya Marekani, huhaririwa na wanafunzi na halipitishi kazi kwa wataalamu wa takwimu. Mwezi huohuo wa Julai, Time lilirudi na kukiri kwamba utafiti ulikuwa na kasoro kubwa, na mwanafunzi yule akaondolewa kwenye orodha ya mashahidi wa kikao cha Seneti. Lakini jalada lilikuwa limeshakaa mezani katika chumba cha kusubiria cha kila daktari wa meno.

Ninaposoma mlolongo huu naumia kwa ajili ya wazazi kuliko kwa ajili ya mtandao. Walistahili hesabu ya kweli. Walikuwa na hoja isiyohitaji kutiwa chumvi: hata picha moja ya kikatili mbele ya mtoto wa miaka minane ni nyingi. Hoja hiyo ilijengwa juu ya tarakimu iliyoporomoka ndani ya wiki tatu, na ilipoporomoka ikawapa wapinzani sababu ya kuucheka woga wenyewe. Kwa miaka iliyofuata, yeyote aliyetaja ulinzi wa watoto mtandaoni alikumbushwa jalada lile.

Kura moja ya Desemba

Sehemu inayosahauliwa zaidi ilitokea kwenye kamati ya kupatanisha miswada ya mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi halikuipenda lugha ya Exon. Spika Newt Gingrich mwenyewe, Mrepublikan, alikuwa amesema hadharani kwamba inakiuka uhuru wa kusema na haki ya watu wazima kuwasiliana. Mwakilishi Rick White wa jimbo la Washington alileta maneno mengine: sheria ikataze "yenye madhara kwa watoto". Kipimo hicho kilitoka moja kwa moja katika kesi ya Ginsberg. Kilikuwa kimeshapimwa mahakamani, na kinamtaka mwendesha mashtaka aonyeshe kwamba kazi husika, ikitazamwa kwa ujumla wake, haina thamani ya maana ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi kwa mtoto.

Mapema Desemba 1995 wajumbe wa Baraza la Wawakilishi katika kamati hiyo walipiga kura kurudisha maneno "isiyo na staha". Walishinda kwa 17 dhidi ya 16.

Sidai kwamba kipimo cha White kingeponya kila kitu. Mwaka 1998 Bunge lilikijaribu katika sheria nyingine, na mahakama zikaizuia hiyo pia kwa miaka kumi. Lakini kura ile moja inaonyesha kwamba maneno mapana hayakuwa ajali ya watu wasiojua. Maneno membamba yalikuwa mezani, yaliyaeleza wazi yale ambayo wazazi waliyaogopa, nayo yakasukumwa kando kwa sababu kwa baadhi ya wabunge hayakuonekana makali vya kutosha.

Dalili za madhara zilikuwa zimeshaonekana nje ya bunge. Desemba hiyohiyo America Online, kampuni ya kuwaunganisha watu na mtandao, katika kusafisha huduma yake, iliorodhesha "matiti" kati ya maneno yaliyokatazwa. Wanawake waliougua saratani ya matiti wakazuiwa kulitumia kujieleza, hadi kampuni ikalirudisha. Mwishoni mwa mwezi CompuServe, kampuni nyingine ya aina hiyo, kwa kuogopa waendesha mashtaka wa Bavaria nchini Ujerumani, ilifunga zaidi ya makundi 200 ya majadiliano kwa wateja wake wa dunia nzima, kwa kuwa haikuwa na ufundi wa kuyafunga Ujerumani peke yake. Katika hali zote mbili hapakuwa na hukumu yoyote. Kampuni iliogopa tu, na mwenye kuogopa hukata kwa panga pana.

Chumba cha mahakama Philadelphia

Clinton alitia saini tarehe 8 Februari 1996 katika ukumbi wa Maktaba ya Bunge. Sheria ya Staha ilikuwa sehemu ndogo ya sheria kubwa ya mawasiliano ya simu, ndiyo maana kuipinga peke yake kulikuwa kugumu. Maelfu ya tovuti zilibadilisha rangi ya kurasa zao kuwa nyeusi kwa siku mbili. Siku ya saini yenyewe, chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, kiliongoza wadai 20 kufungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya Philadelphia. Baadaye mwezi huo Chama cha Maktaba cha Marekani kilifungua ya pili kikiwa na kampuni kama Microsoft, Apple na America Online, na kesi zikaunganishwa. Tarehe 15 Februari Jaji Ronald Buckwalter alitoa zuio la muda kuhusu kosa la "kutokuwa na staha", akisema mtu wa kawaida hawezi kujua limekataza nini.

Kisha wakakaa majaji watatu: Dolores Sloviter, Stewart Dalzell na Buckwalter. Kompyuta zilizounganishwa na intaneti ziliingizwa katika chumba cha mahakama, na kati ya Machi na Mei 1996 majaji walifundishwa mtandao kwa macho yao. Walitoka na aya 123 za matokeo ya ushahidi, ambazo kwangu ni miongoni mwa maelezo bora ya intaneti ya awali yaliyowahi kuandikwa na mtu yeyote. Humo mna barua pepe, Usenet, vyumba vya mazungumzo na wavuti, kila kimoja kwa namna kinavyofanya kazi, kwa lugha ya kawaida. Bunge lilikuwa na faili la picha. Mahakama ilikwenda kutazama kitu chenyewe.

Kati ya wadai alikuwepo Kiyoshi Kuromiya wa Critical Path AIDS Project, Philadelphia. Alizaliwa mwaka 1943 katika kambi ya Wyoming ambako serikali iliwafungia Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa vita. Alipigania haki za Weusi miaka ya 1960, akaishi na UKIMWI, akaanzisha huduma ya bure ya habari kwa wagonjwa: dawa zipi zinafanyiwa majaribio, hospitali ipi inapokea, na jinsi gani mtu afanye ngono asiambukize wala kuambukizwa. Mafundisho hayo yaliandikwa kwa maneno ya mtaani na kwa uwazi kabisa, kwa sababu kijana wa miaka 16 anayehitaji kujua haelewi lugha ya kitabu cha tiba. Alieleza mahakama kwamba hajui "kutokuwa na staha" kunamaanisha nini mtu anapotoa habari za kuokoa maisha.

Pembeni yake walikuwepo Stop Prisoner Rape, kundi lililochapisha simulizi za watu waliobakwa gerezani kwa maneno yao wenyewe. Human Rights Watch, ambao ripoti zao za mateso zina maelezo ya unyanyasaji wa kingono. Na Planned Parenthood, wenye elimu ya uzazi. Hawa ndio waliosimama kizimbani kwa hiari, na nadhani chaguo hilo la wanasheria lilikuwa la haki, kwa sababu walikuwa watu ambao sheria ingewafikia kweli.

Sasa turudi kwenye kadi. Muuza picha za ngono wa 1996 aliishi kwa kadi ya mkopo. Mteja hakuona picha kamili mpaka alipe, na kulipa ni kuandika namba. Utetezi wa sheria ulikuwa ndiyo biashara yake ya kila siku. Kuromiya hakumuuzia mtu kitu. Ushahidi ulionyesha kwamba kampuni za kadi hazikuwa tayari kuthibitisha namba pasipo mauzo, na palipokuwa na huduma ya kuthibitisha, gharama yake ilikuwa kama dola moja kwa kila uthibitisho. Ukurasa wa bure unaotembelewa na maelfu ungefungwa na ankara kabla ya kufungwa na polisi. Na mtu mzima asiye na kadi, ambaye katika miji ya Marekani mara nyingi ni maskini, angezuiwa pamoja na mtoto. Katika Usenet na vyumba vya mazungumzo hali ilikuwa mbaya zaidi: hapakuwa na njia yoyote ya kujua umri wa anayesoma.

Mahakama ya Juu ilikuja kuliona hili waziwazi. Iliandika kwamba hata kwa wauzaji wa ponografia ambao utetezi ungewalinda, serikali haikuleta ushahidi kwamba mbinu hizo zinamzuia mtoto kujifanya mtu mzima. Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Sheria iliyopitishwa kwa kuonyesha faili la picha ilikuwa na mlango kwa wenye picha, na mlango huo wakati ule haukuwa umethibitishwa kumzuia hata mtoto mwenye kadi ya baba yake.

Serikali haikukaa kimya. Dan Olsen, mtaalamu wa kompyuta wa Brigham Young University, alipendekeza kila mwandishi aweke alama ya L18 kwenye kazi isiyofaa watoto, na programu za kusoma kurasa ziizuie. Wazo halikuwa baya, lakini hapakuwa na programu iliyoitambua alama hiyo. Howard Schmidt, shahidi wa serikali kutoka upelelezi wa Jeshi la Anga, alikubali kwamba uwezekano wa mtu kuangukia ukurasa wa ngono kwa bahati mbaya ni mdogo. Karibu kila ukurasa wa namna hiyo ulitanguliwa na onyo. Majaji waliona pia kwamba labda asilimia 40 au zaidi ya yaliyomo mtandaoni yalitoka nje ya Marekani, kwenye mikono ambayo sheria ya Washington haikuifikia.

Hoja ya mwisho ya serikali ilikuwa ahadi: msiogope, tutawashtaki wauza ngono tu. Jaji Sloviter aliikataa. Alisema Katiba haiwataki majaji kuikabidhi kinga ya uhuru mikononi mwa hiari ya waendesha mashtaka. Mimi niko naye kabisa. Kama nia ilikuwa kuwakamata wauzaji, neno "biashara" lingeandikwa ndani ya sheria, na lilikuwa neno rahisi kuandika.

Hukumu ilitoka tarehe 11 Juni 1996. Wote watatu walizuia sheria, kila mmoja kwa sababu zake. Dalzell aliuita mtandao njia ya mawasiliano ya umma iliyoshirikisha watu wengi kuliko zote zilizowahi kubuniwa.

Mfano wa mzazi na barua pepe

Mahakama ya Juu ilisikiliza rufaa tarehe 19 Machi 1997. Seth Waxman alisimama kwa serikali, Bruce Ennis kwa wadai wote. Jaji Stephen Breyer aliuliza kuhusu vijana wa sekondari wanaosimuliana mtandaoni mambo ya ngono, ya kweli au ya kubuni, kama wafanyavyo kwenye simu: je, wote wangekuwa wahalifu? Swali hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa watoto waliokusudiwa kulindwa wangeweza kuwa washtakiwa.

Tarehe 26 Juni 1997 Jaji John Paul Stevens alisoma uamuzi. Majaji saba walikuwa pamoja. Sandra Day O'Connor na Jaji Mkuu William Rehnquist waliandika kwa sehemu tofauti, wakitaka sheria ibaki pale tu ambapo mpelekaji anajua kwamba wapokeaji wote ni watoto. Katika kifungu cha kuonyesha, hakuna hata jaji mmoja aliyekubaliana na Bunge.

Stevens alitoa mfano ambao naona unaeleza kuliko nadharia yoyote. Mzazi anamwandikia barua pepe mwanawe wa miaka 17, aliyeanza chuo, kumpa habari za kuzuia mimba. Mzazi haoni ubaya, mtoto haoni ubaya, mji wao hauoni ubaya. Kama jamii ya mji wenye chuo inaona ubaya, mzazi anaweza kufungwa. Sheria iliyodai kusimama upande wa mzazi ilikuwa imemgeuza mzazi kuwa mshukiwa. Stevens alikumbusha pia kauli ya mahakama hiyo ya mwaka 1957, kwamba kuwashusha watu wazima wasome yanayomfaa mtoto tu ni kuchoma nyumba ili kubanika nguruwe, na akasema sheria hii inatishia kuchoma sehemu kubwa ya jamii ya mtandao.

Marufuku ya uchafu uliokithiri iliachwa ilivyo. Hilo husahauliwa na wanaosema mahakama iliifungulia ponografia mlango.

Kulikuwa na kifungu kingine ambacho hakuna aliyekipinga katika kesi hii. Mei 1995 mahakama moja ya New York ilikuwa imeamua kwamba kampuni ya huduma za mtandao ya Prodigy inawajibika kama mchapishaji kwa maneno ya wateja wake, kwa sababu ilijaribu kuyasafisha. Kampuni isiyosafisha ilikuwa salama, inayosafisha ilikuwa hatarini. Wawakilishi Chris Cox na Ron Wyden, mmoja Mrepublikan na mwingine Mdemokrati, walitunga dawa: mwenye jukwaa asihesabiwe kuwa msemaji wa maneno ya wengine, na asiadhibiwe kwa kuondoa machafu kwa nia njema. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 420 dhidi ya 4. Kikabaki, kinaitwa kifungu cha 230, na majukwaa yote makubwa ya Marekani tunayoyatumia leo yamekua chini ya kivuli chake. Faida na madhara yake ni kisa kingine kirefu.

Baada ya miaka 28 na siku moja

Sheria ya 1998, iliyobana biashara peke yake, haikuwahi kutekelezwa. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu iliizuia kwa kura 5 dhidi ya 4 ikisema programu za kuchuja nyumbani huumiza uhuru kidogo zaidi, na mwaka 2009 ikafa rasmi. Ya mwaka 2000, iliyozitaka maktaba zinazopokea fedha za shirikisho ziweke vichujio, ilikubaliwa na Mahakama hiyo mwaka 2003.

Kisha tarehe 27 Juni 2025, katika kesi ya Free Speech Coalition dhidi ya Paxton, Mahakama ya Juu iliikubali sheria ya Texas inayozitaka tovuti za ngono kuthibitisha umri wa kila mgeni. Kura zilikuwa 6 dhidi ya 3. Jaji Clarence Thomas aliandika juu ya dunia iliyobadilika: mwaka 2024 asilimia 95 ya vijana wa Marekani walikuwa na simu janja karibu nao. Hoja ya Schmidt, kwamba si rahisi kuangukia ngono kwa bahati mbaya, haiwezi kurudiwa leo na mtu mkweli.

Niliisoma sheria ya Texas nikitafuta makosa ya 1996, na mawili makubwa hayamo. Inahusu biashara, na inahusu tovuti ambazo zaidi ya theluthi moja ya yaliyomo ni ngono yenye madhara kwa watoto. Kipimo chake ni kile kilichoshindwa kwa kura moja Desemba 1995. Ukurasa wa kufundisha kinga ya VVU hauko ndani ya maneno yake. Kwa hilo natoa sifa bila kusita, maana hatimaye sheria imemlenga yule aliyekuwa kwenye faili la Exon.

Theluthi ile lakini inanipa mashaka. Kwa hesabu yake tovuti kubwa ya kijamii yenye maelfu ya picha za ngono, mradi ina picha nyingi zaidi za paka na mpira, haiguswi kabisa, na kule ndiko mtoto wa leo anakokutana nazo pasipo kuzitafuta. Na mtu mzima anayeingia kwa halali anatakiwa kuonyesha kitambulisho cha serikali au taarifa za miamala kwa mtu asiyemjua. Sheria inakataza kuhifadhi taarifa hizo. Jaji Elena Kagan, kwa niaba ya watatu walioshindwa, aliandika kwamba jimbo lilipaswa kwanza kuthibitisha kwamba hakuna njia isiyoumiza kama hiyo inayofikia lengo lilelile. Texas haikulazimika kuleta uthibitisho wa kiwango hicho, na hivyo kesi iliisha bila kikao cha ushahidi kirefu kama kile cha Philadelphia, bila majaji kuketi mbele ya mashine na kuitazama ikifanya kazi.